UZI: Kusaka makasha ya GPS kwenye njia za reli zilizokufa, isome reli kwanza ndo ufungue simu

Kipenga_cha_Jana (mleta uzi)

Wakuu habari za muda huu. Kuna mtu aliuliza kwenye uzi wa matembezi kwamba hivi jiokashingi kwenye zile njia za reli za zamani ina tofauti gani na ya porini, akajibiwa "hamna tofauti we fuata simu tu" na mjadala ukaishia hapo. Nimelitafakari nikaona hapana, hili linahitaji uzi wake. Tofauti ipo tena kubwa, na hao wanaofuata simu tu ndo wale wanaorudi wakilalamika kasha limeibiwa wakati wamepita nalo bega kwa bega.

Kwa wageni nipite haraka haraka. Mtu anaficha kasha mahali, anaweka kodineti zake (namba za kuonesha mahali lilipo kwenye ramani) mtandaoni, wewe unaenda na GPS unalisaka, ukilipata unasaini karatasi iliyomo ndani, unalirudisha pale pale ulipolikuta halafu unaripoti mtandaoni. Basi, huo ndo mchezo. Ulianza 2000. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei mwaka huo Marekani walizima ule uchakachuaji wa makusudi waliokuwa wanauweka kwenye mawimbi ya GPS ya raia, maana kabla ya hapo kifaa kingeweza kukutupa hadi mita 100 pembeni, sasa hapo utasaka nini. Kesho yake tu, tarehe 3, jamaa anaitwa Dave Ulmer akaweka ndoo porini karibu na Beavercreek kule Oregon, ndani kaweka vitabu, programu za kompyuta, kopo la maharage na vikorokoro vingine, akatangaza kodineti, siku chache tu watu wakawa wameshaifikia. Ndoo yenyewe aliifukia nusu ardhini, kitu ambacho leo ukikifanya kienyeji kasha lako halipitishwi, ila yeye hakuwa na wa kumuuliza.

Sasa reli. Magari yalipokuja njia nyingi ndogo za treni zilikosa kazi zikafungwa. Uingereza peke yake ile ripoti ya Beeching ya 1963 ilizika maelfu ya kilomita. Vyuma viking'olewa vinauzwa, mataruma yanaondolewa, lakini tuta lenyewe na madaraja na mahandaki nani atayabeba? Yakabaki yamekaa, ndo watu wakaanza kuyageuza kuwa njia za kutembea na baiskeli. Elroy-Sparta ya Wisconsin ilifunguliwa 1967 na ni moja ya zile za mwanzo kabisa Marekani, Katy Trail ya Missouri ina zaidi ya kilomita 380, Otago Central ya New Zealand ina 152, Hispania wana mtandao mzima wanauita Vías Verdes. Na zilipo njia za hivi wasaka makasha hawakukawia.

Haya, kwa nini nasema isome reli.

Treni haipendi mlima. Gurudumu la chuma juu ya chuma linateleza, mwinuko wa mita 2 kwa kila mita 100 tayari kwa treni ni mkali, so wajenzi walipokuta kilima wanakichimba, wakikuta bonde wanalijaza udongo. Kwa hiyo muda mwingi ama uko juu ya tuta ama uko ndani ya mfereji mkubwa wenye kuta pande zote mbili, vile vipande vya usawa wa kawaida ni vichache kuliko unavyodhani. Na hapo ndo siri ilipo, maana aliyeficha naye amebanwa na hayo hayo.

Ukiwa juu ya tuta swali la kwanza ni maji yanapita wapi. Tuta limeziba bonde, lazima chini kuna karavati, yaani tundu la kupitishia maji chini ya tuta. Simu inakwambia kasha liko mita 14, watu wanahesabu mita 14 mbele, mita 14 nyuma, wanapekua kila jiwe kwenye njia, kumbe ni mita 14 za pembeni na mita 8 za kushuka, liko mdomoni mwa karavati. Umbali wa kwenye simu ni wa bapa, haujui kama umesimama juu ya tuta. Ndo maana nasema angalia alama ya ugumu wa ardhi kabla hujatoka, zinaanzia 1 hadi 5. Njia ya reli ni tambarare, kasha la kawaida hapo linapewa 1.5 au 2. Ukiona 3.5 kwenye njia ambayo hata mtoto anapita na baiskeli, mwenye kasha ameshakwambia waziwazi kwamba njia utaiacha.

Ukiwa ndani ya mfereji mambo yanageuka. Kuta zinakuzibia satelaiti za pembeni, mawimbi mengine yanagonga mwamba kwanza ndo yanafika kwenye simu, mshale unaanza kucheza, mara mbele mara nyuma. Sehemu ya wazi simu inakupa usahihi wa mita 5 hivi, humo usiiamini kihivyo. Na kumbuka aliyeficha alichukua kodineti akiwa kwenye mfereji huo huo, kosa lake na kosa lako yanaweza kujumlishana. Mi hapo simu naweka mfukoni. Narudi nyuma hatua chache naangalia ukuta. Mwamba ule ulipasuliwa kwa baruti, na mara nyingi utaona ile mistari ya matundu waliyotoboa kuweka baruti, nusu ya tundu imebaki kwenye jiwe kama bomba lililopasuliwa katikati, inashuka wima. Pale linapoishia, kwenye kishimo cha chini, ukiona kijiwe kimekaa ambacho rangi yake haifanani na mwamba, kitoe.

Halafu kuna mabaki. Misingi ya zege ya minara ya ishara, kingo za majukwaa ya stesheni zilizomezwa na majani, mawe ya maili. Marekani kuna nguzo zenye herufi W, zilikuwa zinamwambia dereva wa treni apige honi kuna makutano na barabara mbele. Uingereza kuna nguzo za mwinuko, fupi, zina mikono miwili imeinama kulia na kushoto na kila mkono una namba. Namba 80 maana yake kila mita 80 unazotembea upande huo unapanda au unashuka mita 1, kutegemea mkono umeinamia wapi.

Na hiyo nguzo nimekutana nayo kwenye fumbo moja tamu sana. Maelezo ya kasha yalisema hivi tu: kodineti hizi ni za nguzo, kasha liko mita 3 juu yake. Wee! Miti yote ya pale magome yamechubuka, watu wanapanda, wengine wanamulika tochi kwenye matawi, wengine wanaandika mtandaoni "nimelikosa, miti ni hatari kwa watoto". Jibu liko kwenye mkono wa nguzo. Umeandikwa 80 na unaelekea kupanda. Mita 3 juu ya nguzo ni 80 mara 3, yaani mita 240 mbele kwenye njia, na pale mita 240 kuna karavati dogo kavu na kasha limo limetulia. Alama ya ardhi ilikuwa 1.5. Mtu angeangalia hiyo tu asingepanda mti.

Nina mengine ya mahandaki na jinsi ya kujipanga ila kwanza nipumzishe vidole. Maswali karibuni.

---

ChaboMkubwa

Nimeweka kiti mbele kabisa, mkuu tiririka. Hilo fumbo la nguzo limeniua, mi ningekuwa juu ya mti mpaka leo.

---

binti_dira

Asante kaka kwa uzi. Naomba kuuliza, mi nilikuwa najua kasha ni kasha kweli, box unafungua unakuta vitu, sasa unaposema liko kwenye tundu la baruti ni kasha gani hilo? Na kuna mahali nimesoma eti kuna mengine ni madogo kama kucha, ukweli ni upi?

---

Kipenga_cha_Jana

Dada yote ni kweli. Yapo makubwa ya kubeba kwa mikono miwili, yale maboksi ya chuma ya risasi ya jeshini watu wanayapenda sana maana yana mpira pembeni na maji hayaingii, unakuta midoli, sarafu za kumbukumbu, na sheria yake ni kwamba ukichukua kitu unaacha chenye thamani hiyo au zaidi. Kuna ya saizi ya kopo la filamu ya kamera za zamani. Na hayo ya kama kucha yapo kweli, yana sumaku kwenye kitako, yananasa kwenye chuma cha daraja ukiangalia unasema ni kichwa cha boliti.

Kwenye reli utakutana sana na kichupa cha aluminiamu cha kufunga kwa kuzungusha, kina urefu wa kidole gumba. Nikuelekeze kabisa maana wengi wanakiharibu. Ukikifungua ndani ya kifuniko kuna kipete cha mpira cheusi, chembamba, hicho ndo kinazuia maji. Kikianguka kwenye kokoto umekipoteza, so fungua juu ya kofia au kiganja. Karatasi ndani imeviringishwa imekaza, ukiivuta kwa kucha inachanika, beba kibanio cha nyusi, ishike kwa pembeni uizungushe kuelekea ilivyoviringishwa ili ipungue unene, itatoka yenyewe. Andika jina lako la mchezo na tarehe kwa penseli. Peni ya wino kwenye karatasi yenye unyevu haiandiki, unabaki unachora mikwaruzo. Viringisha tena ikaze kuliko ulivyoikuta, la sivyo kifuniko kitaikata unapokaza, na hakikisha kipete kiko mahali pake.

---

MzeeWaKilomita

Mleta uzi nakuheshimu ila naona kama unataka kuufanya mchezo uwe wa maprofesa. Sisi wengine tunapenda ile minyororo, yaani kasha baada ya kasha baada ya kasha, unapiga baiskeli unasimama unasaini unaondoka, siku nzima. Njia za reli zimeumbwa kwa ajili hiyo! Hakuna kona kali, hakuna kupanda, hakuna kupotea. Mambo ya kutafakari nguzo ilikuwa ya nini mi sina shida nayo lakini mwanangu wa miaka saba anataka kuona kopo, akiona kopo kila dakika tano siku nzima hasemi amechoka. Nipe makasha mia kwenye tuta moja nitakushukuru.

---

Kipenga_cha_Jana

Mzee wangu shikamoo, hoja yako naiheshimu na kwenye la mtoto umenibana kweli.

Ila twende na hesabu. Sheria inasema makasha yasikaribiane chini ya mita 161, yaani kilomita moja inabeba kama 6. Chukua Katy Trail nzima uijaze hivyo, unapata kama makasha 2,400 kwenye njia moja. Nani atayahudumia? Mwenye kasha anawajibika kulitunza, kubadilisha karatasi zikijaa, kutoa yaliyopasuka. Mtu anaweka 150 wikendi moja, yote makopo yale yale, yote "chini ya jiwe upande wa kulia", mwaka unaofuata hajulikani alipo na nusu karatasi zimelowa zimeshikamana huwezi hata kusaini. Halafu sasa kuna tabia imezuka ya kubadilishana, unabeba kopo lako umeshalisaini, unafika unaliweka unachukua la pale, unaenda kulisainia njiani na kulitupa kwenye linalofuata. Muda unaokoa, sikatai, lakini hapo umetafuta nini?

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba ile mita 161 inaziba nafasi. Mtu ana fumbo zuri la kwenye daraja la 1880 na kitu, anaenda kuliandikisha anaambiwa samahani kuna kopo mita 90 kutoka hapo. Kopo lenyewe liko kwenye mzizi wa mti usio na habari yoyote.

Mi nikipewa njia ya kilomita 20 naweka makasha kumi na tano, kila moja kwenye kitu ambacho reli ilikiacha, na la mwisho nalificha bila kutoa kodineti, unazikusanya tarakimu kwenye vifuniko vya hayo mengine. Mwanao makopo anayapata bado, na wewe una kazi ya kufanya.

---

MzeeWaKilomita

Marahaba. Kumi na tano kwa kilomita 20 ni machache lakini nitakuja. Sasa hiyo ya kukusanya tarakimu ndo siipendi, ukikosa moja tu safari nzima imekwenda na maji.

---

Kipenga_cha_Jana

Hapana mzee, na hapo ndo utamu wa reli ulipo. Porini ukikosa tarakimu una sehemu kumi zinazowezekana na zote ni vichaka. Kwenye reli chukua ramani, weka hizo kodineti kumi zote, uone zinaangukia wapi. Njia ni mstari mmoja. Kodineti zinaandikwa kwa nyuzi na dakika, na dakika ina tarakimu tatu baada ya nukta. Ile ya kwanza baada ya nukta ni hatua ya mita 185 hivi kila moja (nazungumzia latitudo), kama njia inakata kwa mshazari basi tisa zitaangukia mashambani au mtoni na moja tu ndo itakaa juu ya tuta. Ukikosa ile ya mwisho kabisa ndo raha zaidi, ile ni hatua ya mita 1.85, kuanzia sifuri hadi tisa hazifiki hata mita 17, unaenda unasaka tu kawaida.

Ya katikati ndo inasumbua kidogo maana hatua ni mita 18 na ushee, zinaweza kuangukia mbili tatu njiani. Hapo uliza wapi kati ya hizo pana kitu, karavati? nguzo? msingi wa zege? Nenda hapo kwanza.

---

mama_wa_penseli

Jamani niingize neno. Mimi ninatembea na kaka yangu anayetumia kiti cha magurudumu, na kwetu njia hizi za reli ndo karibu sehemu pekee ambako mchezo unachezeka. Tambarare, pana, imeshindiliwa. Sasa naona mnajadili idadi na mafumbo, mimi nataka niwaombe mnaoficha: ile alama ya ardhi namba 1 muiheshimu. Namba 1 maana yake mtu mwenye kiti cha magurudumu anafika NA anaweza kulishika kasha akiwa amekaa. Tumefika mara nyingi sana kwenye kasha la namba 1, njia safi, halafu liko ardhini nyuma ya mti, au limening'inizwa juu mtu anayesimama ndo anafikia. Kaka anabaki anaangalia mimi nikisaini. Kama ni chini ya jiwe andika 1.5, sio dhambi.

---

Kipenga_cha_Jana

Dada hii ingekuwa kwenye post ya kwanza kabisa, asante sana. Nikuongezee tu kwa wanaoficha: kwenye madaraja ya reli ya zamani vyuma vya kushikia vya pembeni viko usawa mzuri tu wa mtu aliyekaa, kijikasha cha sumaku upande wa ndani wa chuma kinatosha, na hautakiwi kuegemea nje. Kwenye vibao vya maelezo pia, nyuma ya fremu. Na kabla ya kuweka namba 1 angalia pia kipande cha kutoka maegesho, kuna njia nzuri sana lakini pale mwanzoni wamefunga geti la kuzuia pikipiki ambalo kiti cha magurudumu hakipiti.

---

ChaboMkubwa

Mkuu uliahidi mahandaki, usitukimbie. GPS si inakufa mle ndani?

---

Kipenga_cha_Jana

Inakufa kabisa. Mita chache tu toka mlangoni mshale unaganda au unaanza kukupeleka mlimani juu ya kichwa chako. Kwa hiyo kasha la handakini kodineti zake zinakuwa za mlango, ndani unaongozwa kwa maelezo.

Na handaki la reli lina kitu kimoja kizuri cha kuhesabia. Kwenye kuta kuna mashubaka, yale ya kusimama mtu, walichonga ili fundi wa reli akikutwa na treni mle ndani awe na pa kujibanza. Maelezo yatakwambia mfano "ingia mlango wa magharibi, kushoto, shubaka la nne". Cha kuzingatia, hakikisha umeingilia mlango sahihi na usihesabu kwa macho kutoka mbali, mengine yamezibwa kwa matofali na yanahesabiwa vile vile, pitisha mkono ukutani. Kama lipo kasha humo limeshikiliwa juu ya kingo ya shubaka kwa ndani, sehemu ambayo taa ya mpita njia haifiki. Tochi ya kichwani ni lazima maana mkono mmoja unashika ukuta mwingine unatafuta.

Yale ya Elroy-Sparta niliyoyataja yako matatu, refu lao lina kama kilomita 1.2, yalikamilika 1873 na hayana taa, baiskeli unashuka unasukuma. Yana milango mikubwa miwili miwili ya mbao kwenye kila mdomo. Enzi za treni kulikuwa na mlinzi kazi yake ni kuifungua treni ikija na kuifunga ikipita wakati wa baridi, sababu ubaridi ukiingia maji yanayovuja kwenye mwamba yanaganda na kuupasua ukuta. Monsal Trail ya Uingereza nayo ina mahandaki, njia ya treni ilifungwa 1968 lakini mahandaki yenyewe watu wa kawaida waliruhusiwa kupita mwaka 2011, sasa yana taa mchana.

Kitu kingine, popo. Mahandaki mengine yanafungwa msimu wa baridi kwa sababu popo wamelala usingizi wao wa miezi, ukiwaamsha wanatumia nguvu walizojiwekea na wanaweza wasifike mwisho wa msimu. Ukikuta geti limefungwa rudi, kasha litakuwepo.

---

kijana_wa_kokoto

Bro mi nataka kuficha la kwangu, kuna njia ya reli ya zamani karibu na ninapokaa na haina hata kasha moja. Naanzia wapi? Naweza kulichomeka kwenye ukuta wa daraja la mawe?

---

Kipenga_cha_Jana

Mdogo wangu hongera, ila la ukuta wa mawe acha. Ukuta wa mawe ukiweka kasha kwenye ufa wasakaji kumi wa kwanza watakuwa waungwana, wa kumi na moja atang'oa jiwe. Madaraja mengine ni mali ya historia na yanalindwa kisheria, na hata yasipolindwa hutaki jina lako lihusishwe.

Kwanza jua ardhi ni ya nani. Njia inaweza kuwa ya umma lakini mita tatu pembeni ni shamba la mtu, uzio wa zamani wa reli mara nyingi ndo unakuonesha mpaka. Omba ruhusa. Kila kasha jipya kuna mtu wa kujitolea analikagua kabla halijaonekana kwa wengine, atakuuliza hayo hayo. Pili, hakikisha reli imekufa kweli. Kuna njia za matembezi zinapita sambamba na reli ambayo bado ina treni, hapo usiguse, na usiweke kasha ambalo mtu akikosea kidogo atajikuta upande wa pili wa vyuma. Tatu usichimbe wala usifukie, usipigilie misumari kwenye mti, na usilitegemeze kwenye mataruma ya zamani yale yaliyorundikwa pembeni, yamelowekwa dawa nyeusi ya kuzuia kuoza ambayo ni sumu na inachafua mikono ya kila atakayekuja.

Kuchukua kodineti, usichukue mara moja. Simama, subiri mshale utulie, andika. Ondoka, rudi ukitokea upande mwingine, andika tena. Rudi siku nyingine hali ya hewa ikiwa tofauti, andika, halafu tafuta wastani. Kwenye mfereji bila kufanya hivi utawatesa watu.

Na kwa kuwa ni la kwanza kwenye njia hiyo, usianzie kwenye mti. Tembea njia nzima kwanza bila simu, utakutana na kitu kimoja ambacho kitakushangaza kinafanya nini hapo. Weka hapo, na kwenye maelezo mtandaoni eleza kilikuwa cha nini.

---

binti_dira

Kaka la mwisho kwangu. Njia ni mstari, ukienda lazima urudi. Unapangaje usirudie yale yale? Maana kilomita 15 kwenda nazo ni kilomita 15 kurudi.

---

Kipenga_cha_Jana

Usisake yote ukienda. Mi nikienda nachukua yale ya namba witiri, nikirudi yale ya shufwa, so kurudi nako kunakuwa na kazi. Ila mafumbo na yale yenye alama kubwa ya ardhi yachukue yote ukienda, asubuhi una mwanga na miguu ina nguvu, kushuka tuta jioni ukiwa umechoka hapana.

Angalia mwinuko pia. Njia ya reli inaonekana bapa machoni lakini kilomita 15 za mwinuko wa asilimia moja ni mita 150 umepanda bila kujua, miguu ndo itajua. Kama unaweza, anza kwa upande unaopanda ili kurudi uwe unateremka. Stesheni nyingi za zamani zilijengwa na kipande cha bapa ili treni isijiondokee yenyewe, kwa hiyo ndo pa kupumzikia, na mara nyingi ndo pana maji na kivuli.

Na ukilikosa kasha ripoti kwamba umelikosa, usione aibu. Mwenye kasha akiona watu watatu mfululizo wamelikosa anajua aende kuliangalia. Wengi wanakaa kimya, halafu kopo linakuwa limeshaondoka na maji ya karavati miezi sita na bado ramani inaonesha lipo.